Haki Yake Mpeni: Kutaja Chanzo ni Sehemu ya Sayansi

Katika shule nyingi za sekondari, kutaja chanzo cha maarifa huchukuliwa kuwa ni jambo la adabu tu, au pambo linalowekwa mwishoni mwa insha ili kumridhisha msahihishaji. Mwanafunzi huambiwa aandike marejeo, naye huorodhesha majina ya vitabu vitatu au vinne, pengine bila ya kuvifungua. Miaka michache baadaye hufika chuo kikuu, na huko hukuta kanuni kali zinazohesabu wizi wa maandishi kuwa ni kosa liwezalo kumfukuzisha mtu masomoni. Hapo hushikwa na mshangao. Jambo lililokuwa pambo jana, limekuwaje kosa kubwa leo?

Mshangao huo si wa kulaumiwa, kwani mwanafunzi hakufundishwa vinginevyo. Hoja ya makala haya ni kwamba kutaja chanzo ni sehemu ya kazi ya sayansi yenyewe, kama vilivyo kipimajoto na mizani. Na kwa kuwa ni sehemu ya kazi, hapana budi kufundishwe palepale kazi inapoanzia, yaani katika kidato cha kwanza. Na mtu wa kwanza kukutenda awe ni mwalimu.

Mwanafunzi wa Magamba

Mfano bora wa jambo hili haupo mbali. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, Tanganyika. Wanafunzi wa shule hiyo walizoea kutengeneza aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakayachanganya na sukari, wakayaacha yapoe, ndipo wakayatia katika jokofu. Siku moja nafasi ndani ya jokofu ilikuwa chache. Mwanafunzi mmoja, kwa kuogopa kuikosa, alitia maziwa yake bila ya kuyachemsha. Mpemba naye, kwa hofu hiyo hiyo, aliyatia ya kwake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda, hali ya mwenziwe yalikuwa bado ni majimaji mazito.

Alimwuliza mwalimu wake wa fizikia sababu ya jambo hilo, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa. Alipofika Shule ya Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, aliuliza tena, na safari hii jibu likawa la dhihaka. Lakini baina ya majibu hayo mawili alikuwa amezungumza na rafiki yake mmoja aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu katika mji wa Tanga. Rafiki huyo alimweleza kwamba yeye hutia maziwa ya moto ili yagande upesi. Na Mpemba aligundua kwamba wauzaji wengine wa Tanga walifanya vivyo hivyo.

Siku moja Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati kilipokuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, alikwenda Mkwawa kutoa mhadhara. Mpemba alisimama akauliza: ikiwa vyombo viwili vya namna moja vimetiwa maji ya kiasi kimoja, kimoja chenye maji ya nyuzi 35 za Sentigredi na kingine ya nyuzi 100, kwa nini kile cha nyuzi 100 hutangulia kuganda? Wenziwe walimcheka. Osborne hakucheka. Alikiri kwamba halijui jibu, akaahidi kulifanyia jaribio. Aliporejea Dar es Salaam alimpa kazi hiyo msaidizi wa maabara. Msaidizi aliarifu kwamba maji ya moto yametangulia kuganda, akaongeza kwamba wangeendelea kurudia mpaka wapate jawabu lililo sahihi. Walirudia, na jawabu halikubadilika.

Mwaka 1969 matokeo yalichapishwa katika juzuu la nne la jarida la Physics Education la Uingereza, kuanzia ukurasa wa 172 hadi wa 175, katika makala yenye kichwa cha neno moja na alama ya kuuliza: "Cool?". Yafaa kuangalia kwa makini namna makala hayo yalivyoandikwa, kwa maana somo lote limo ndani ya namna hiyo.

Kwanza, jina la Mpemba limetangulia na la Osborne likafuata, wala Mpemba hakutajwa katika shukrani tu kama kijana aliyeuliza swali. Sehemu ya kwanza ni masimulizi ya Mpemba mwenyewe, kwa kauli yake mwenyewe. Sehemu ya pili ni maelezo ya Osborne. Msomaji hapati taabu ya kujua ni nani aliona na ni nani alipima.

Pili, Mpemba naye hakujitwalia yote. Aliwataja wauzaji wa aiskrimu wa Tanga waliokuwa wakiitumia njia hiyo. Kijana aliyekuwa akidai haki yake aliitoa haki ya watu wengine, na watu hao hawakuwa na cheti wala maabara.

Tatu, Osborne alieleza vyombo na vipimo vyake. Alitumia sentimita 70 za ujazo za maji, katika bilauri za kioo za maabara zenye nafasi ya sentimita 100 za ujazo, zikiwa zimewekwa juu ya kipande cha plastiki ya povu kisichopitisha joto, ndani ya jokofu la kawaida la nyumbani. Aliripoti kwamba muda wa kuanza kuganda ulikuwa mrefu kupita wote pale maji yalipoanzia nyuzi 25, na kwamba ulipungua sana pale yalipoanzia karibu na nyuzi 90.

Njia iliyoachwa wazi

Kwa nini mambo hayo matatu yana uzito? Ni kwa sababu yaliacha njia ambayo wengine waliweza kuifuata kurudi nyuma. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, wataalamu wa Uingereza, walichapisha uchunguzi wao katika jarida la Scientific Reports. Walirudia majaribio ya kupoza maji, wakazipitia pia takwimu zilizochapishwa na waliowatangulia, zikiwamo za Mpemba na Osborne. Hitimisho lao lilikuwa kwamba hapana ushahidi wa kutosha kuthibitisha kwamba maji ya moto hupoa upesi kuliko ya baridi. Na walionyesha kwamba kusogeza kipimajoto kwa sentimita moja tu ndani ya chombo kwaweza kubadili jawabu. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, walichapisha katika jarida la Nature jaribio la namna nyingine. Walitumia chembe ndogo mno zilizomo ndani ya kiowevu, wakaonyesha kwamba hali iliyoanza mbali na utulivu huweza kuufikia utulivu mapema kuliko iliyoanza karibu. Tukio la namna hiyo huitwa duniani kote kwa jina la Mpemba.

Mjadala haujakwisha, na si kazi ya makala haya kuukata. La kuzingatia ni kwamba mjadala huo umewezekana. Anayekubali na anayepinga wote wawili wanajua waanzie wapi. Laiti makala ya 1969 yangelisema tu kwamba "imegunduliwa" au "wataalamu wanaeleza," pasingekuwa na mtu wa kuulizwa, wala chombo cha kupimwa upya, wala tarakimu ya kulinganishwa.

Kadhalika, wanazuoni waliporudi nyuma zaidi walikuta kwamba Aristotle wa Uyunani alikwisha kuandika jambo linalofanana na hilo, na kwamba Francis Bacon mwaka 1620 na René Descartes mwaka 1637 nao walikwisha kuligusa. Je, Mpemba aliwaibia? La hasha. Mtu aliyeona kwa macho yake jambo asilojua kwamba lilikwisha kuandikwa hakuiba kitu. Mwizi ni yule aliyesoma, akajua alikosoma, kisha akaficha.

Upo upande wa pili usiosahaulika. Osborne alikuwa na uwezo wa kulichukua swali lile, kulifanyia kazi, na kulichapisha kwa jina lake peke yake. Hapana sheria ambayo ingemkamata, na yamkini hapana ambaye angejua. Katika vitabu vingi vya zama za ukoloni, watu waliowaonyesha wageni mimea, njia, visima na dawa wametajwa kwa neno moja tu, "wenyeji," kana kwamba maarifa yale yaliota yenyewe porini. Jina la Mpemba lingeweza kumezwa na neno kama hilo. Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Osborne aliitoa haki hiyo, na kwa kuitoa hakupungukiwa na lolote.

Kosa lililokosa mwenyewe

Kila mwalimu aliyewahi kusimamia mtihani anajua namna ya kuwatambua walioangaliziana. Jawabu sahihi likifanana kwa wanafunzi kumi si ajabu, kwani ukweli ni mmoja. Lakini wanafunzi kumi wakifanya kosa lile lile la ajabu, hapo mwalimu hujua kwamba kalamu moja imeandika na tisa zimefuata.

Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, Mikhail Simkin na Vwani Roychowdhury, waliutumia ujanja huo huo wa mwalimu kuwapima wanasayansi wenyewe. Katika uchunguzi waliouchapisha mwaka 2003 walichukua makala moja mashuhuri ya fizikia ya mwaka 1973, iliyokuwa imetajwa na wengine karibu mara 4,300. Walikuta kwamba mara 196 namba ya juzuu, ukurasa au mwaka iliandikwa kwa makosa. Lakini makosa yenyewe yalikuwa ya aina 45 tu, na kosa moja peke yake lilirudiwa mara 78. Hapana uwezekano wa watu wengi kiasi hicho kukosea namna moja kila mtu kivyake. Waliinakili rejea kutoka katika orodha za wenzao. Kwa hesabu zao walikadiria kwamba ni kama mtu mmoja tu kati ya watano aliyeyasoma makala aliyoyataja. Pengine kadirio hilo ni kali, kwa sababu mtu aweza kusoma makala kisha akanakili rejea yake mahali pengine kwa uvivu. Hata hivyo, ugonjwa wenyewe umeonekana.

Ugonjwa huo huzaa hekaya zenye sura ya sayansi. Watu wengi wamesikia kwamba sifa ya spinachi kuwa na madini mengi ya chuma ilitokana na nukta ya desimali iliyowekwa mahali pasipo pake, tarakimu ikaongezeka mara kumi. Kisa hiki husimuliwa hata madarasani, kama onyo la kuwa makini na hesabu. Daktari mmoja wa Uingereza, Terence Hamblin, alikiandika mwaka 1981 katika jarida maarufu la utabibu nchini humo, ndani ya makala iliyohusu udanganyifu katika sayansi. Lakini hakutaja alikokipata. Wengi walikipokea kutoka kwake na kukieneza. Mwaka 2010 Mike Sutton, mtaalamu wa Uingereza, alikitafutia asili yake, asipate ushahidi wowote wa nukta hiyo iliyopotea. Mwaka 2014 Ole Bjørn Rekdal, mwanaanthropolojia wa Norway ambaye hapo awali alifanya utafiti miongoni mwa Wairaqw wa kaskazini ya Tanzania, aliandika namna hekaya hiyo ilivyopita kutoka mwandishi hadi mwandishi, kila mmoja akimtegemea aliyemtangulia. Kwa hiyo kisa kilichotumiwa kuwaonya watu wasiamini jambo bila ya kuhakikisha, chenyewe kiliaminiwa bila ya kuhakikishwa.

Hapa ndipo inapoonekana kwamba mwenye kuficha chanzo hamdhulumu mwandishi wa kwanza peke yake. Humdhulumu pia msomaji wa mwisho, kwa kumnyima njia ya kuhakikisha. Na mwenye kutaja kitabu asichokisoma hufanya dhuluma hiyo hiyo kwa mlango wa nyuma.

Wizi ni upi, na kuazima ni kupi?

Wanafunzi wengi hudhani kwamba wizi wa maandishi ni kunakili neno kwa neno tu, na kwamba ukibadili maneno umenusurika. Dhana hii yafaa kuondolewa kwa mfano. Ichukuliwe kwamba kitabu fulani cha jiografia, cha kubuni, kinasema katika ukurasa wake wa 42: "Nyasi hupunguza kasi ya maji ya mvua, na kwa hiyo maji hupata muda wa kuingia ardhini badala ya kuchukua udongo."

Mwanafunzi wa kwanza anaiandika sentensi hiyo kama ilivyo, bila ya alama za kunukuu wala jina la kitabu. Huyu ameiba waziwazi.

Mwanafunzi wa pili anaandika: "Majani hupunguza mwendo wa maji ya mvua, na hivyo maji huwa na nafasi ya kupenya ardhini badala ya kubeba udongo." Amebadili nguo tu, mwili ni ule ule. Mpango wa fikira, sababu na matokeo, vyote ni vya mwandishi wa kitabu, naye hakutajwa. Huu nao ni wizi, na una hasara moja zaidi: mwanafunzi ametumia nguvu zake kutafuta visawe, hakuzitumia kufikiri.

Mwanafunzi wa tatu anaandika: "Mwandishi wa kitabu hiki, katika ukurasa wa 42, anaeleza kwamba nyasi huokoa udongo kwa kupunguza kasi ya maji. Katika bustani ya shule, baada ya mvua kubwa, maji yaliyotoka katika tuta lenye nyasi yalikuwa maangavu kuliko yaliyotoka katika tuta tupu. Jambo hili laafikiana na maelezo yake." Huyu ameazima, amesema ameazima kwa nani, kisha ameongeza cha kwake. Msomaji anaona mpaka baina ya mali ya mwandishi na mali ya mwanafunzi. Ndivyo walivyofanya Mpemba na Osborne.

Upo wizi wa aina nyingine ambao hustawi zaidi mahali penye lugha mbili za elimu, kama Tanzania. Mwanafunzi huchukua aya ya Kiingereza, huifasiri kwa Kiswahili, kisha huamini kwamba aya imekuwa yake kwa sababu Kiswahili ni chake. Kazi ya kufasiri ni kazi ya heshima, na mfasiri anastahili sifa zake. Lakini fikira hubaki kuwa za mwenyewe. Aya iliyofasiriwa bila ya kutajwa asili yake ni aya iliyoibwa, hata kama hapana neno moja linalofanana na lile la kwanza.

Pia yafaa kutenganisha wizi wa maandishi na uvunjaji wa hakimiliki, maana mara nyingi huchanganywa. Hakimiliki ni jambo la sheria. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, nayo humlinda mtunzi kwa muda maalumu. Muda huo ukipita, mtu yeyote huweza kuichapa kazi hiyo. Lakini hata ikipita miaka elfu, hapana ruhusa ya kuitia jina lako.

Kwa upande mwingine, hapana haja ya kutaja chanzo cha kila neno. Kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100 usawa wa bahari, au kwamba Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961, ni mambo yajulikanayo na wote. Mwenye shaka ajiulize swali moja: msomaji akitaka kuhakikisha jambo hili, je, atajua pa kwenda? Ikiwa hatajua, basi chanzo kitajwe.

Je, elimu ina mwenyewe?

Wako wasemao kwamba mambo haya yote ni desturi za kigeni. Kwamba katika jamii za Kiafrika elimu ni mali ya wote, na hadithi ya babu haina hakimiliki. Hoja hii ina chembe ya ukweli, lakini haitoshi. Ni kweli kwamba ngano na methali ni mali ya umma. Hata hivyo, pale jamii ilipohitaji kuwa na uhakika, ilijua kumtaja msemaji.

Katika elimu ya hadithi za Mtume, ambayo imesomwa katika pwani ya Afrika Mashariki kwa karne nyingi, hadithi haipokelewi kwa uzuri wa maneno yake tu. Huulizwa sanadi yake, yaani mfuatano wa wapokezi: fulani kapokea kwa fulani, naye kapokea kwa fulani. Mpokezi mmoja akiwa hajulikani, au akiwa na sifa ya uongo, hadithi hudhoofika. Nao washairi wa tenzi za pwani, wengi wao walizoea kutaja katika beti za mwisho jina la mtunzi, na pengine nasaba yake na tarehe ya kutunga. Na katika baraza la wazee, mwenye kudai kwamba mpaka wa shamba unapita penye mwembe huulizwa kwanza ameambiwa na nani. Kumbe tanbihi iliyo chini ya ukurasa ni jina geni la desturi ya zamani.

Kutokana na hayo, maarifa yaliyotoka kwa mtu aliye hai nayo yastahili kutajwa. Mwanafunzi aliyeelezwa na bibi wa jirani namna ya kuhifadhi mahindi kwa majivu aandike, kwa idhini ya bibi huyo, jina lake, kijiji chake na tarehe ya mazungumzo. Kufanya hivyo ni kumheshimu bibi, na pia ni kumwezesha mwingine kurudi kwake na kuuliza zaidi.

Ubao na daftari

Mzizi wa tatizo haupo katika tabia mbaya ya vijana. Upo katika namna wanavyofundishwa kuandika. Kwa miaka minne au sita mwanafunzi hutazama mwalimu akijaza ubao kwa maelezo yasiyo na jina la mtu, naye huyahamisha kwenye daftari neno kwa neno. Siku ya mtihani huyarudisha neno kwa neno, na kadiri anavyoyarudisha bila ya kuyabadili ndivyo anavyopata alama nyingi. Kisha mtu huyo huyo huambiwa chuoni kwamba kunakili ni wizi. Amefunzwa jambo moja kwa vitendo na jingine kwa maneno, na vitendo vimetangulia.

Itasemwa kwamba vitabu ni haba na madarasa yamejaa. Ni kweli, lakini tiba ya kwanza haihitaji fedha. Mwalimu aandikapo maelezo ubaoni, aandike katika pembe ya ubao jina la kitabu na ukurasa alikoyatoa. Ni mstari mmoja, na baada ya mwaka mzima wanafunzi watakuwa wamejua bila ya mahubiri kwamba maelezo yote yana mahali yalipotoka. Shule yenye nakala moja tu ya kitabu ndiyo inayohitaji mstari huo zaidi, kwa sababu mwanafunzi atajua ni ukurasa gani wa kuuomba.

Tiba ya pili imo katika maabara. Mwanafunzi aliyepima akapata 9.2 mahali ambapo kitabu kinasema 9.8 hushawishika kuandika 9.8, kwa kuogopa alama. Hapo ameiba tarakimu ya kitabu na kuitupa ya kwake. Mwalimu mwenye busara atampa alama aliyeandika 9.2 na kueleza hitilafu ya saa yake au ya kamba yake, na atamnyima aliyeandika 9.8 bila ya kupima. Msaidizi wa maabara wa Osborne aliyeahidi kurudia mpaka apate jawabu sahihi alikuwa amefunzwa kama wanafunzi hawa. Kilichookoa ugunduzi ule ni kwamba matokeo halisi yaliripotiwa kama yalivyotokea.

Tiba ya tatu ni kazi fupi ya kuandika: ukurasa mmoja, vyanzo viwili, kimoja cha kitabu na kimoja cha mtu au cha kipimo cha mwanafunzi mwenyewe; na sehemu ya alama itolewe kwa uwazi wa mpaka baina ya vyanzo hivyo na mawazo ya mwandishi.

Haja ya mafunzo hayo imezidi katika miaka hii, kwani mwanafunzi mwenye simu huweza sasa kuiagiza programu ya kompyuta imtungie insha nzima kwa dakika moja, pamoja na orodha ya marejeo. Baadhi ya marejeo hayo huwa hayapo duniani: jina la mwandishi limebuniwa, na la kitabu limebuniwa. Mwaka 2023 mahakama moja mjini New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha kesi za aina hiyo, zilizotungwa na programu na kamwe hazikuwahi kuamuliwa na hakimu yeyote. Mawakili hao walikuwa watu wazima na wasomi. Kilichowaponza ni kutofungua chanzo walichokitaja, na dawa yake ni ile ile ya zamani: usitaje usichokisoma.

Zipo pia programu za kuwakamata wanaonakili, nazo zina manufaa yake. Lakini programu hizo hulinganisha maneno tu. Haziwezi kumfundisha mtu kwa nini asiibe. Kazi hiyo ni ya mwalimu, na huanza siku anapouandika ule mstari mmoja katika pembe ya ubao. Yamkini katika darasa hilo yumo kijana mwenye swali ambalo wenziwe wanalicheka. Siku swali lake litakapochapishwa, na lichapishwe na jina lake.